Kura za watu wasiokutana: wahudumu wa ndege na uongozi wa vyama vyao

Ada Brown alikuwa msimamizi wa wahudumu wa ndege katika shirika la United nchini Marekani. Cheo hicho akakiacha kwa hiari yake, akarudi kuruka kama mhudumu wa kawaida, kwa kuwa aliona msimamizi hawezi kuwaunganisha wenzake dhidi ya ofisi ileile iliyompa cheo. Agosti 1945 yeye na wenzake wanne wakaunda chama chao, naye akawa rais wa kwanza. Mwaka uliofuata wakasaini mkataba uliopandisha mshahara wa kuanzia kutoka dola 125 hadi 155 kwa mwezi na kuweka kikomo cha saa 85 za kuruka. Mwaka 1947 akaolewa. Kanuni za kazi hazikumruhusu mhudumu mwenye mume kuendelea kuruka, hivyo rais akaondoka kazini na urais ukaondoka naye. Hakuna mwanachama aliyempigia kura ya kumwondoa. Mwajiri aliondolewa mpinzani wake na kanuni ambayo aliitunga mwenyewe.

Kisa hicho kina uzito mkubwa kuliko ufupi wake, kwa sababu kinaonyesha mahali pa kuanzia kila tunapouliza ni mhudumu gani anaweza kugombea uongozi wa chama na akafika mbali. Wengi huanza na ufasaha wa mgombea, ujasiri wake au sura yake mbele ya kamera. Mimi naona tuanze na masharti ya kazi yenyewe, kisha njia ya kuwafikia wapiga kura, na mwisho kabisa ndipo tuangalie kipaji. Mgombea mwenye kipaji asiye na muda kazini wala njia ya kuwafikia wenzake hushindwa kabla hata ya jina lake kuchapishwa kwenye karatasi ya kura.

Kwa miongo kadhaa kazi hii ilipangwa ili watu wasidumu. Ndoa ilikuwa mwisho wa ajira. Mimba pia. Mwaka 1953 shirika la American likaongeza sharti la umri: mhudumu akifika miaka 32, safari zake zimekwisha. Katika hali hiyo nani angejifunza kusoma mkataba, kusimamia shauri la mwenzake mbele ya wakubwa, kuijua historia ya madai yaliyokataliwa mara tatu na hoja zilizotumika kuyakataa? Uongozi wa chama ni ujuzi wa miaka. Mahali watu wanapoondolewa wakiwa na miaka 25 au 30, ujuzi huo hukaa kwa wengine, na kweli ulikaa kwa marubani. Kwa muda mrefu sehemu kubwa ya wahudumu wa Marekani waliishi chini ya mwavuli wa chama cha marubani, hadi walipojitenga mwaka 1973 na kusimamisha chama chao cha AFA. Katikati ya hapo kuna mwanamke ambaye jina lake linastahili kujulikana zaidi, Barbara Roads, aliyeitwa Dusty na wenzake. Alikuwa mhudumu wa American na wakati huohuo mtetezi wa chama mjini Washington, akibisha milango ya wabunge baina ya safari moja na nyingine. Sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 ilipopiga marufuku ubaguzi wa kijinsia kazini, wahudumu walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kupeleka malalamiko katika tume iliyoundwa kuisimamia. Sharti la umri likaanguka mwishoni mwa muongo huo. Sharti la ndoa likapata pigo kubwa mahakamani mwaka 1971.

Msomaji wa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala asidhani kwamba hayo ni mambo ya zamani ya watu wa mbali. Mamia kwa mamia ya vijana wetu wameajiriwa na mashirika ya Ghuba. Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi, ITF, liliwahi kuishtaki Qatar mbele ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, kuhusu mikataba ya wahudumu wa Qatar Airways: ruhusa ya kuolewa ilitoka kwa kampuni, na mimba ilikuwa sababu ya kuachishwa kazi. Juni 2015 ILO ikaamua kwamba serikali ya Qatar imeshindwa kuzuia ubaguzi huo, na baada ya hapo shirika likaanza kulegeza masharti. Jambo ninalotaka lizingatiwe hapa ni hili: lalamiko halikuletwa na chama cha wahudumu wenyewe, kwa kuwa hawakuwa nacho. Katika Falme za Kiarabu vyama vya wafanyakazi haviruhusiwi kabisa. Nchini Qatar mfanyakazi mgeni hana haki ya kuunda chama. Binti wa Kitanzania anayehudumu kwenye ndege inayotoka Doha anaweza kuwa na akili, uvumilivu na moyo wa uongozi kuliko wote niliowataja, lakini hakuna kiti cha yeye kugombea.

Tuseme basi chama kipo, na wahudumu wanadumu kazini hadi kustaafu. Linabaki tatizo la pili, ambalo watu wa kiwandani au shuleni hawalijui kwa kiwango hiki. Wapiga kura hawakutani. Mwalimu anayegombea uongozi wa tawi anawajua wenzake wa shule za jirani. Mfanyakazi wa bandarini huwakuta wenzake getini wakati wa kubadilishana zamu. Mhudumu wa ndege leo anaruka na watu ambao pengine hajawahi kuwaona, kesho na wengine, na keshokutwa yuko hotelini katika mji wa ugenini akihesabu saa za mapumziko. Katika mashirika makubwa wengi hawaishi hata kwenye mji wa kituo chao cha kazi. Kampeni inafanyika kwenye chumba cha kusubiria safari, ndani ya basi la kwenda hotelini na katika makundi ya WhatsApp. Saa za kazi hazifai, na kwa haki hazipaswi kufaa, kwani abiria aliyepanda ndege anastahili mhudumu ambaye macho yake yako kwenye mlango wa dharura.

Ndiyo maana kanuni za uchaguzi katika vyama hivi ni jambo zito. Sheria ya Marekani ya mwaka 1959 kuhusu vyama vya wafanyakazi inataka viongozi wa tawi wachaguliwe kwa kura ya siri angalau kila miaka 3, na wa kitaifa angalau kila miaka 5. Inakataza fedha za chama au za mwajiri yeyote kutumika kumpigia debe mgombea. Inakilazimisha chama kumsambazia mgombea vipeperushi vyake kwa wanachama, mradi gharama alipe yeye. Kifungu hicho cha mwisho, ambacho wasomaji wengi wangekiruka, ndicho chenye thamani kubwa kwa mhudumu. Kiongozi aliye madarakani ana anwani za wote, ana jarida la chama, ana sababu ya kutembelea kila kituo. Mpinzani wake ana simu yake na siku zake za mapumziko. Pasipo kanuni ya kumfungulia mpinzani mlango wa kuwafikia wapiga kura, kura ya siri hubaki kuwa siri kati ya wanaojuana.

Sheria hiyohiyo inaacha wazi swali moja linalozua mabishano makubwa katika fani hii: kiongozi mkuu achaguliwe na wanachama wote au na wajumbe? Vyama viwili vikubwa vya Marekani vimejibu tofauti. APFA, chama cha wahudumu wa American, hupigisha kura wanachama wote. AFA, kinachounganisha wahudumu wa mashirika mengi, huuachia kazi hiyo mkutano wa marais wa matawi, ambao kura zao hupimwa kwa idadi ya wanachama wao. Wanaotetea mtindo wa wajumbe husema rais wa tawi anamjua mgombea kwa kazi yake: ameketi naye kwenye majadiliano, ameona alivyosoma takwimu za mwajiri, anajua kama husimamia neno lake. Wanaoupinga husema wajumbe huzoeana, na mazoea huzaa urithi. Pande zote mbili zina ukweli. Nikilazimishwa kuchagua, nachagua kura ya wote, kwa sababu inamlazimisha mgombea kusafiri hadi kwenye vituo vidogo ambako wajumbe wana sauti hafifu. Hata hivyo naona mabishano hayo yanaacha kando kura iliyo nzito zaidi, na nitaifikia.

Kwanza tumwangalie mtu anayetajwa zaidi kila mada hii inapozungumzwa. Sara Nelson alianza kuruka na United mwaka 1996. Amesimulia mara nyingi jinsi malipo yake ya kwanza yalivyochelewa, akawa hana hata pesa ya kula, na mwenzake asiyemjua akamwandikia hundi ya dola 800 na kumwambia akipigie simu chama chake. Kituo chake kilikuwa Boston, mji ambako ndege mbili zilizogongeshwa kwenye minara ya New York Septemba 11, 2001 ziliruka, moja ikiwa ya United. Alipoteza watu aliofanya nao kazi. Mwaka uliofuata United ikaingia katika kinga ya ufilisi, na mwaka 2005 mahakama ikairuhusu kutupa mzigo wa pensheni za wafanyakazi wake. Katika miaka hiyo Nelson alikuwa na jukumu la mawasiliano ya chama. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu waliotawanyika duniani kote ni nini hasa wanachonyang'anywa, na kwa hoja gani. Nadhani shule yake ilikuwa hapo. Mwaka 2011 akawa makamu wa rais wa AFA, na mwaka 2014 wajumbe wakamchagua rais.

Umaarufu ulikuja Januari 2019. Serikali ya Marekani ilikuwa imefungwa kwa ugomvi wa bajeti, waongoza ndege na wakaguzi wa viwanjani wakifanya kazi bila mshahara. Januari 20, akipokea tuzo ya shirikisho la vyama la AFL-CIO, Nelson alisimama na kuwataka viongozi wa vyama wazungumze na wanachama wao kuhusu mgomo wa jumla. Siku 5 baadaye waongoza ndege wachache wakakosa kufika kazini, safari za kuelekea uwanja wa LaGuardia zikazuiwa kwa muda, na jioni ya siku hiyo serikali ikafunguliwa, siku ya 35. Mwaka 2020, korona ilipozikwamisha ndege chini, alikuwa katika mstari wa mbele kudai kwamba msaada wa serikali upitie kwenye mishahara. Sheria iliyopitishwa mwezi Machi ikatenga dola bilioni 32 kwa malipo ya wafanyakazi wa usafiri wa anga.

Agosti 2021 rais wa AFL-CIO, Richard Trumka, akafariki ghafla. Jina la Nelson likaanza kutajwa kila mahali: mhudumu wa ndege kuongoza shirikisho lenye wanachama zaidi ya milioni 12! Naye hakuficha kwamba anafikiria. Lakini Juni 2022, mkutano mkuu ulipofanyika Philadelphia, hakugombea, na Liz Shuler, mtu wa chama cha mafundi umeme aliyekuwa ameshika nafasi hiyo tangu kifo cha Trumka, akachaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza shirikisho hilo. Hesabu zinaeleza mengi. Katika shirikisho, uzito wa kura hufuata ukubwa wa chama. AFA ilikuwa na wanachama 50,000 hivi, nayo iko ndani ya chama kikubwa zaidi cha wafanyakazi wa mawasiliano. Walimu, watumishi wa umma na mafundi wana kura zao na ahadi zao za miaka mingi. Mcheza kwao hutunzwa, na uwanja wa Nelson ulikuwa kwa wahudumu na kwa umma uliomwona kwenye televisheni. Ukumbi wa Philadelphia ulikuwa wa wengine. Si aibu kwake. Ni funzo kwa kila mgombea anayehesabu makofi ya mitandaoni kuwa kura.

Sasa ile kura nzito. Katika vyama vingi vya wahudumu, kiongozi hata achaguliwe vipi, mkataba aliokubaliana na mwajiri hurudi kwa wanachama wote. Hapo ndipo hupimwa. Julai 2025 wahudumu wa United waliupigia kura mkataba ambao viongozi wao walikwisha kuukubali, na asilimia 71 wakaukataa. Mwezi uliofuata wahudumu 10,000 wa Air Canada waligoma, wakiwa na hoja kuu moja iliyoeleweka na kila abiria: mhudumu hulipwa hasa kwa muda ndege inapokuwa safarini, ilhali saa anazotumia kupandisha abiria, kupanga mizigo na kukagua usalama ndege ikiwa chini zilikuwa hazilipwi. Serikali ya Kanada iliamuru warudi kazini ndani ya saa chache. Wakakataa. Kiongozi wa kitaifa wa chama chao, Mark Hancock, akatangaza kwamba yuko tayari hata kwenda jela. Makubaliano yakapatikana Agosti 19, na malipo ya kazi za chini yakaingia kwenye mkataba kwa mara ya kwanza. Hata baada ya ushindi huo, sehemu ya mishahara ilipopelekwa kwa wanachama, asilimia 99.1 waliipinga, ikabidi iende kwa wasuluhishi.

Takwimu hizo mbili zisisomwe kama dharau kwa viongozi. Zinaonyesha wanachama wanaosoma mikataba yao. Mgombea atakayesimama mbele ya watu wa aina hiyo na kuahidi tu kwamba atapigana ataulizwa: kupigana kwa kanuni ipi, kwa fedha gani za mgomo, na nani atakayelipia gharama? Mkongwe mwenye uhuru wa kuchagua safari zake anataka pensheni na siku za likizo. Kijana wa mwaka wa pili anayekaa na simu akisubiri kuitwa zamu ya dharura anataka ratiba inayojulikana na mshahara unaomwezesha kulipa kodi ya nyumba. Wote wawili wana kura moja moja. Kuwaunganisha hao katika mkataba mmoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika cheo hiki, na haionekani kwenye kamera.

Gharama ya kukosea ni kubwa. Mwaka 1986 chama cha wahudumu wa TWA, shirika la ndege la Marekani, kikiongozwa na Vicki Frankovich, kiligoma dhidi ya tajiri Carl Icahn aliyekuwa amelinunua shirika. Shirika likaajiri wengine, maelfu ya waliogoma wakabaki nje, na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba waliouvunja mgomo wangeweza kubaki na nafasi zao hata mbele ya wakongwe waliogoma. Mwaka 1993 hadithi ikawa nyingine. Denise Hedges wa APFA aliwaita wahudumu 21,000 wa American kwenye mgomo wa siku 11 wakati wa sikukuu ya Shukrani, wiki ambayo Wamarekani husafiri kuliko zote. Siku ya 5 Rais Clinton akaingilia kati na mwajiri akakubali usuluhishi. Mwaka huohuo wahudumu wa Alaska Airlines wakabuni mbinu ya kugomea safari moja moja bila taarifa ya mapema. Waligomea safari 7 tu, lakini shirika zima liliishi kwa wasiwasi hadi mkataba ukasainiwa. Frankovich hakuwa mwoga wala mvivu. Tofauti ilikuwa katika uchaguzi wa wakati na mbinu, na katika kuijua hali ya mwajiri. Hivyo ndivyo vitu vya kumuuliza mgombea.

Mwajiri naye huusoma uchaguzi wa chama kwa makini. Nchini Ujerumani mwaka 2019, chama cha wahudumu cha UFO kilipokumbwa na ugomvi na viongozi kujiuzulu, Lufthansa ilipinga mahakamani uhalali wa uongozi uliobaki. Wahudumu walilazimika kugoma mwezi Novemba, miongoni mwa mambo mengine, ili watambuliwe tu kuwa wana chama. Uchaguzi uliofanywa hovyo hauishii kwenye manung'uniko ya walioshindwa. Humpa mwajiri hoja ya kukataa kukaa mezani.

Kwetu Afrika Mashariki sura ni tofauti kidogo. Nchini Kenya marubani wana chama chao, KALPA. Wahudumu wa ndege wamo ndani ya chama cha wafanyakazi wa usafiri wa anga, KAWU, pamoja na wafanyakazi wa mizigo, wa mapokezi na wa mamlaka ya viwanja. Anayetaka kukiongoza lazima awashawishi watu ambao hawajawahi kuvaa sare yake. Nguvu ya muungano huo ilionekana Machi 2019, wafanyakazi walipogoma kupinga mpango wa Kenya Airways kuchukua uendeshaji wa uwanja wa Jomo Kenyatta na katibu mkuu wao, Moss Ndiema, akakamatwa. Ikaonekana tena Septemba 11, 2024, uwanja uliposimama kwa sababu ya mpango wa kuukabidhi kwa kampuni ya Adani. Miezi 2 baadaye Rais Ruto akaufuta mpango huo. Muungano wa namna hii una uzito ambao wahudumu wakiwa peke yao wasingekuwa nao. Hasara yake ni kwamba madai yao mahususi, mapumziko baina ya safari, usalama wa usafiri wa usiku kwenda nyumbani, uzazi, huweza kuwekwa mwisho wa orodha ikiwa hakuna mhudumu mezani. Na katika vyama vya Kenya meza hiyo ina kiti kimoja kikubwa, cha katibu mkuu. Uenyekiti una heshima, lakini aliye na kalamu ya mkataba ni katibu mkuu.

Kwa hiyo dada au kaka unayeruka na ambaye wenzako wamekuwa wakikuambia ugombee: anza na uwakilishi wa kituo chako, usimamie mashauri ya wenzako hadi yafike mwisho, uusome mkataba wa hali bora mpaka ujue kifungu kinachovunjwa kila wiki. Omba kwa maandishi kanuni za uchaguzi na orodha ya wapiga kura mapema, siyo wiki ya mwisho. Zungumza na wabeba mizigo. Ukigombea, lenga kiti chenye kalamu. Na wewe mwanachama unayelipa ada kila mwezi, usimpe kura mgombea yeyote asiyeweza kukutajia shauri moja alilolisimamia na jinsi lilivyoisha.